Rangi ya Guidon

Hapa kwetu Likasi neno guidon lina kazi mbili, na usipolijua hilo hutaelewa kwa nini mtaa mzima ulinicheka wiki ile. Guidon ni ule usukani wa kinga, yaani baiskeli, unaoushika kwa mikono yote miwili ukiwa unaendesha. Guidon pia ni kale kajino kadogo kalikosimama mbele kabisa juu ya mdomo wa bastola, ambako askari anakatafuta kwa jicho moja kabla hajafyatua. Wazungu walituachia neno moja kwa vitu viwili, sisi tukalipokea hivyo hivyo, maisha yakaendelea.

Mimi naitwa Josée. Napaka watu rangi za kucha sokoni Kikula, kati ya mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, na duka la vitenge. Nina mdomo, hilo nakubali, nikikasirika sijui kunyamaza. Mume wangu Zéphirin ni polisi, na yeye ananyamaza kwa niaba yetu wote wawili.

Walikuwa wamemweka kulinda depo moja ya shaba nje kidogo ya mji, mahali wanapopanga kathode, yale mabamba mazito mekundu, kabla malori hayajazichukua. Kila zamu ilikuwa na askari wawili: mmoja langoni na bunduki, mwingine nyuma na bastola, upande ule ambao ukuta una tundu. Wa nyuma ndiye Zéphirin. Na wezi, ni nani mwizi atapita langoni? Tena hawaji usiku wa manane kama watu wanavyodhani. Usiku jenereta inawaka na mbwa wako nje. Wanakuja jioni, umeme ukikatika, katika ile nafasi kabla jenereta haijawashwa. Kituo cha umeme cha Koni hakiko mbali nasi, nyaya zake zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini jioni watu wote wakichomeka pasi na majiko, mji unazimika. Kila mtu Likasi anaijua saa ile. Wezi wanaijua kuliko sisi.

Sasa shida ilikuwa macho ya Zéphirin. Mchana anaona vizuri, anasoma bango la kanisa toka ng'ambo ya barabara. Lakini jioni ikiingia anaanza kupapasa. Nilikuwa namwona anakosa sahani na kijiko, nami najifanya sijaona. Alikuwa na aibu nayo. Halafu Major Damas, mkubwa wake, akatoa amri: Ijumaa, kila mwenye bastola atapiga shabaha ndani ya hangari la zamani, jua likizama, bila taa. Atakayekosa atarudisha bastola na kupelekwa kwenye kituo kimoja cha porini huko kaskazini, ambako hata mshahara unafika umechoka.

Zéphirin alijipima nyumbani. Alifunga mapazia chumbani, akaitoa bastola risasi zote, akasimama mbele ya ukuta akainyanyua. Akaniambia kwamba pengo la kulengea lililo nyuma ya bastola analiona, hata msumari ukutani anauona kidogo, lakini guidon inapotea. Chuma cheusi ndani ya giza jeusi, utakionaje? Kisha mwenzake wa langoni, Bertin, akamfundisha: kwenye nchi nyingine wanaweka vitu vya kuwaka pale mbele, sisi tupake rangi tu. Na rangi inayoshika chuma bila kubanduka ni rangi ya kucha.

Alikuja nyumbani asubuhi ile akicheka peke yake. Mtu wangu huyo, ambaye kumsikia anacheka ni bahati.

“Josée, Mungu alijua sababu gani alinipa bibi wa rangi,” akasema. “Utanipakala rangi ku guidon. Ile ya machungwa, yenye inawaka.”

Akaweka bastola mezani imefungwa kwa kitambaa, risasi kwenye bakuli pembeni, akaenda kulala. Alikuwa anakesha kule depo mpaka kunakucha, kwa hiyo asubuhi ndiyo usiku wake.

Mimi nikabaki nimesimama mbele ya meza. Sababu kulikuwa na jambo nililolijua mimi, yeye hakulijua.

Jana yake Sephora alikuwa amekuja kwenye kiti changu sokoni. Sephora ni jirani yetu, anakaanga maandazi jioni karibu na ile depo. Alininyooshea mikono nimpake, halafu akainama karibu na sikio langu akasema amemwona Dodo. Nikamuuliza Dodo gani, kana kwamba mji una Dodo mia. Dodo wako, akasema, mdogo wako, alikuwa anatoka kwenye tundu la ukuta wa depo na mfuko begani. Si mara moja. Nilimpaka kidole kizima mpaka kwenye nyama.

Dodo ni kitinda mimba wetu. Mama alikufa Dodo hajajua kufunga kamba za viatu, nikamlea mimi, kwenye nyumba hii hii, na Zéphirin akamvumilia na kumnunulia madaftari. Sasa ni mwanaume mrefu mwembamba, amehama kwetu, amekosa kazi kiwandani, anashinda na wenzake kwenye mto wa Panda wakiosha mawe ya madini ya watu. Ningemwambia Zéphirin? Zéphirin huyu alishasema mezani kwangu, anakula samaki wangu, kwamba polisi anayejua jina la mwizi asilitaje ni mwizi naye. Na akisema kitu huyu mtu amesema. Angempeleka Dodo kwa Major kwa mkono wake mwenyewe, huku analia labda, lakini angempeleka. Na nisipomwambia, basi jioni moja Dodo atapita kwenye tundu, na Zéphirin atanyanyua bastola.

Mpaka siku ile nilikuwa nimejificha nyuma ya macho yake. Nilikuwa nasema moyoni, hata akipiga hataona, atakosa, Dodo atakimbia. Ni dhambi kufurahi mume wako haoni vizuri, najua. Nilifurahi. Na sasa mwenyewe ananiambia nimtengenezee jicho.

Basi nikafanya nilichofanya. Kinga yake ilikuwa imeegemea ukutani uani. Nikachukua chupa mbili za rangi ya machungwa, nikaipaka guidon ya kinga yote, kutoka mkono huu mpaka mkono ule, mpaka kwenye kengele. Bastola sikuigusa hata kitambaa. Nilijua vizuri sana ni guidon gani anataka. Lakini neno ni neno, mtu anaweza kulikosea, na mimi nilitaka tu siku ipite, kisha nyingine, labda Ijumaa ifike guidon iko vile vile nyeusi.

Alipoamka akatoka uani, akasimama. Akaitazama kinga, akanitazama mimi.

“Ni kinga njo ulipakala?”

Nikamjibu kwa hasira, sababu hasira ndiyo nguo yangu, kwamba yeye si alisema guidon, na guidon ninayoijua mimi ni ile, na kama alitaka nyingine angenionyesha kwa kidole. Zéphirin alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaenda akamwita Sephora aone. Sephora akawaita wengine. Jioni alipopita na kinga ile barabarani watu walipiga vigelegele, na kesho yake sokoni sikuitwa tena Josée, niliitwa Mama Guidon. Wateja walikuja kucheka, wakabaki kupaka kucha. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nimekauka.

Na haikusaidia kitu. Asubuhi iliyofuata hakulala. Alifika, akakaa mezani mbele yangu, akatoa kikasha cha risasi, akavuta bastola nyuma kunionyesha hamna kitu ndani, akaielekeza ukutani, akaweka kidole kwenye kale kajino.

“Hii,” akasema. “Hii njo guidon yangu, mama.”

Akabaki ameketi, ananiangalia kwa upendo. Ningefanya nini? Nikachukua vyombo vyangu.

Nilitaka kuifanya vibaya. Nilifikiria kumwaga rangi nyingi ianguke kesho yake, au kupaka na lile pengo la nyuma ili rangi mbili zimvuruge jicho. Lakini mkono wangu haujui kufanya vibaya, umezoea miaka. Nilifuta mafuta kwanza kwa dawa ya kutolea rangi, sababu chuma cha bastola kina mafuta na rangi haikai juu ya mafuta. Kisha nikaweka nyeupe chini, nyembamba sana, kwa ncha ya kijiti cha meno. Hiyo nyeupe ndiyo siri ya kazi yetu: ukipaka machungwa juu ya kitu cheusi moja kwa moja, weusi unainywa. Ukitanguliza nyeupe, machungwa inasimama. Nikasubiri ikauke. Nikaweka tone la machungwa, nikasubiri tena, nikaweka la pili. Mwisho ile rangi isiyo na rangi, ya kufunika, ili jasho na kitambaa visiiondoe. Kila tone nilikuwa naona kifua cha Dodo.

Zéphirin alifunga mapazia, akanyanyua. Kisha akanigeukia, akanishika uso kwa mikono yote miwili akanibusu paji la uso, kitu ambacho hatufanyi asubuhi. Akaniambia anaiona. Akaniambia ilikuwa kama mtu amewasha kibiriti mbele ya jicho lake. Nami nikatoka uani nikajifanya naanika nguo.

Ijumaa alifaulu. Aliniletea habari mwenyewe, anaongea haraka kama si yeye: hangari lilikuwa na giza la kutosha, wengine walipiga hata paa, yeye alipiga kifua cha ile sanamu ya karatasi karibu risasi zote. Major Damas alichukua bastola, akaitazama, akauliza nani fundi. Mke wangu, Zéphirin akamjibu, anapakaka bibi-arusi kucha. Wote wakacheka, na Major akasema ataleta na yake. Zéphirin alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu harusi. Hatupelekwi porini, akasema. Tutabaki Kikula.

Nikasema asante Mungu. Nikaingia jikoni kabla hajaona uso wangu.

Jumamosi niliacha kiti changu nikaenda kumtafuta Dodo. Nilimkuta pale mtoni, amesimama kwenye maji mpaka magotini na wenzake, anatikisa karai. Nikamwita kando. Sikumsalimia. Nikamuuliza anaingiaka kwenye depo ya Zéphirin au hapana. Akaangalia maji. Nikamuuliza tena.

Alisema si yeye peke yake, na kwamba wanajua saa za kuingia, na kwamba bofrere, yaani shemeji yake, haonaki kitu jioni, kila mtu anajua. Alisema hivyo akitabasamu kidogo, kunituliza. Kumbe nao walikuwa wamejificha nyuma ya macho yale yale.

“Sasa anaona,” nikamwambia. “Minye njo nilimupatia macho. Dodo, unanisikia? Anaona.”

Nikamweleza rangi, hangari, sanamu ya karatasi. Tabasamu likamtoka. Nikamwambia akipita tena kwenye tundu lile asiniite dada. Nililia mbele ya wenzake, sikujali. Alinishika bega kwa mkono wenye matope, akasema amesikia. Nikataka aape. Akasema tena, nimesikia, yaya, kama tunavyomwita dada au kaka mkubwa. Hicho tu. Mtu aliyesikia na mtu aliyeacha si mtu mmoja, nilirudi nyumbani nikiwa na roho ile ile niliyoenda nayo.

Jumapili kwenye misa Dodo hakuonekana. Nilikaa nimegeuza shingo kuelekea mlangoni mpaka padri akanitazama.

Jumatatu alasiri Zéphirin alikuwa anajiandaa kwenda zamu yake ya kwanza tangu mtihani. Alifunga mkanda, akaweka kikasha kwenye bastola, akaifuta kwa kitambaa akipazunguka pale mbele kwa uangalifu asiiharibu rangi. Alikuwa anapiga mluzi. Nadhani ni ule mluzi ulionivunja. Mtu anapiga mluzi anakwenda kumuua mdogo wangu, nami namfungia chakula kwenye kibakuli.

Nikasema. Sikupanga. Nilisema nikiwa nimempa mgongo, nashikilia kifuniko cha kibakuli.

“Zéph, Dodo iko anaingiaka mule. Ku tundu. Na benzake.”

Mluzi ukakatika. Nilingoja apige kelele, maana mimi ningepiga. Hakupiga. Aliuliza tangu lini, nikasema sijui. Aliuliza nani mwingine anajua, nikasema Sephora. Nikamwambia nimekwenda mtoni, nimemkataza, amesema amesikia. Nikageuka. Zéphirin alikuwa ameketi kitandani, ameshika bastola mapajani, na uso wake ulikuwa umezeeka.

“Ungeniambia mbele ya kupakala rangi,” akasema. “Sasa unanipatia macho, na ndani ya macho unaweka Dodo. Kila muntu mwenye nitaona kule atakuwa Dodo.”

Nikamwomba asiende. Aseme anaumwa. Alisema akikosa kazi siku ya kwanza baada ya mtihani Major ataelewa vibaya. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema hajui. Alichukua kibakuli, akapanda ile kinga yake yenye aibu, akaenda bila kunitazama.

Nilikaa nyumbani alasiri ile. Sokoni sikwenda, mikono haikuweza. Nilisonga bukari, ndiyo ugali wetu, ambayo hakuna wa kuila, nikafagia uwanja uliofagiwa tayari. Nilimpigia Dodo simu, haikupokelewa. Nikampigia tena. Nilitembea mpaka kwa Sephora, mlango umefungwa, ameshakwenda kukaanga maandazi. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya mabomba ya viwanda. Nilikuwa natazama balbu ya jikoni tu. Nilikuwa naiomba ile balbu, kwa maneno, kama mtu anaomba mtakatifu: usizime leo, leo tu.

Ikazima. Mtaa mzima ukasema aaah, kama kila siku, na watoto wakaanza kelele.

Mlango wa uani ukasukumwa. Mtu mrefu mwembamba akasimama pale kwenye mwanga kidogo uliobaki, na moyo wangu ukaruka sababu sikumjua mara moja. Kisha akasema ana njaa.

Alikuwa Dodo. Ameoga, amevaa shati safi. Nilimshika mikono, mabega, nikamkalisha, nikamwekea bukari na sombe, nikawa nacheka na kumtukana pamoja. Alisema simu yake haina chaji. Alisema wenzake wamekwenda na yeye amekataa, wamemwita mwoga, basi na wamwite. Alianza kula kwa vidole, anapuliza, bukari ilikuwa ya moto. Nilikaa kumtazama anavyokula, na kwa muda kidogo nilikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Kikula.

Halafu nikasikia kile alichokisema. Wenzake wamekwenda.

Wamekwenda, na Zéphirin yuko kule nyuma, peke yake, ana Dodo ndani ya macho. Dodo yuko kwangu anakula, na Zéphirin hajui. Nilichukua simu nikampigia. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akaniambia nambari haipatikani, na nilijua: umeme ukienda, mnara wa upande ule unakwenda nao. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka Dodo akaacha kula.

Hatukufunga hata mlango. Tulisimamisha pikipiki ya kwanza barabarani, tukapanda wote wawili nyuma ya dereva, mimi katikati, nikimwambia aende, aende, mpaka akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ndiyo. Dodo alikuwa amenishika kiunoni na nilisikia moyo wake mgongoni kwangu. Tulipita soko wakiwa wanafunga, tukapita reli. Nilikuwa nasikiliza mlio wa risasi. Hakukuwa na mlio. Nilijaribu kujiambia kwamba ni habari njema.

Langoni hakukuwa na mtu, na jenereta ilikuwa haijawashwa bado. Bertin alikuwa amekimbilia ndani. Tukaingia, tukazunguka mpaka nyuma.

Zéphirin alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, chini ya tundu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kwake vibaya, umevunjika juu ya kiwiko, na damu ilikuwa imetoka kichwani ikashuka mpaka kwenye kola. Bastola ilikuwa mavumbini kando yake. Bertin alikuwa amepiga magoti, anamfunga kichwa kwa shati lake. Alinitazama akasema hakupiga hata risasi moja, yaya Josée, hata moja, bamebeba mifuko bakaenda. Akasema amemtuma mtu wa pikipiki kumwita Major, na ile jeep inayosikika barabarani ni yake. Akatoka mbio kumpokea.

Nilipiga magoti pale alipotoka Bertin. Zéphirin hakunitazama mimi. Alitazama juu, nyuma yangu, ambako Dodo alisimama na sombe bado kwenye vidole. Alimtazama muda mrefu.

“Haikukuwa weye,” akasema.

Dodo akamwambia hapana, bofrere. Nilikuwa kwako. Nilikuwa nakula.

Zéphirin akafumba macho. Nilimwambia asiongee, lakini aliongea, kwa sauti ya chini, mdomo wake karibu na shavu langu. Alisema umeme ulipokwenda mtu alipita kwenye tundu. Alinyanyua bastola, na guidon ilikuwepo, ilikuwa inawaka katikati ya kifua cha yule mtu.

“Niliona rangi yako muzuri sana, Josée. Nyuma ya rangi niliona muntu murefu, mwembamba. Uso hapana. Nikamuita. Nikasema, Dodo, rudia nyumba.”

“Na yeye?”

“Akaitika. Akasema, ndiyo yaya, ni minye. Nikashusha bastola. Akakaribia na chuma.”

Nikamfuta damu shavuni kwa kitenge changu. Nyuma yangu nilimsikia Dodo anapumua kama aliyekimbia.

Major Damas alifika na Bertin. Ni mtu mfupi, hana kelele. Aliangalia tundu, akaangalia mkono wa Zéphirin, akasema gari litampeleka hospitali sasa hivi. Kisha akainama akaokota bastola. Akaipuliza vumbi, akatoa kikasha, kilikuwa kimejaa. Akainyanyua kuelekea mbinguni, upande ambako kulikuwa kumebaki wekundu kidogo, akafunga jicho moja.

“Hii rangi iko,” akasema. “Minye naiona, na niko na miaka mingi kukupita. Siku ya tano, ile Ijumaa, ulipiga mbele yetu bote, mu giza kuliko hii. Leo haukupiga sababu gani?”

Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa anataka kujua. Aligeuka akamtazama Dodo, shati safi, urefu wake, akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mdogo wangu, tumekuja pamoja. Dodo alifungua mdomo. Nilimwona anataka kusema yote, nikalishika shati lake kwa nyuma, nikalivuta kwa nguvu zangu zote.

Zéphirin alimtazama Dodo. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Major usoni, sawasawa, na macho yake hayakuyumba.

“Ni macho, mon Major,” akasema. “Jioni sionaka. Siku ya tano nilibahatisha. Leo sikuona guidon, sikuona na muntu.”

Major alikuwa bado ameshika bastola, na hata mimi niliyepiga magoti niliona lile tone la machungwa pale mbele, wazi kabisa. Akaiweka ndani ya koti lake. Akamwambia Bertin aandike hivyo, askari haoni, na kwamba kesho watapanga habari ya kumhamisha.

Tulimnyanyua. Aliuma meno asilie. Dodo alikuwa analia, mwanaume mrefu vile, machozi yanashuka bila kuyafuta, na Major alikuwa bado amesimama anatutazama. Jeep ilikuwa hapo karibu, taa zake zimewashwa, njia yote inaonekana.

“Dodo,” Zéphirin akasema, kwa sauti ya kusikika. “Nishike mukono. Sioni njia.”